Mgongo wa Mkwe

Thuranira alikuwa mwalimu wa udereva mjini Meru, mtu aliyezoea kukaa kando ya watu wanaoweza kumuua kwa bahati mbaya wakati wowote, na bado akala chakula chake cha mchana vizuri. Duniani alimwogopa mtu mmoja tu, naye ni mama mkwe wake, Cicily wa Runyenjes, mjane mwenye shamba la majani chai na maneno yasiyorudi nyuma.

Ile heshima ya mkwe, ambayo huku tunaiita nthoni, watu wengi siku hizi wameilegeza. Utakuta mtu na mama mkwe wake wamekaa kochi moja wakigombania rimoti. Cicily hakuwa na mambo hayo. Kwake mkwe hapewi mkono, hakai karibu, halali naye chini ya paa moja, na haongeleshwi moja kwa moja. Ukiwa na neno, unamwambia mtu wa tatu, naye mtu wa tatu analifikisha, hata kama nyote watatu mko meza moja na masikio yenu ni mazima. Tangu amwoe Ruguru, binti wa Cicily, Thuranira hakuwahi kuambiwa "wewe" na mama huyo. Alikuwa Baba Kajuju, kwa jina la binti yake aliyekuwa bweni, na alizungumziwa kama mtu aliyesafiri.

Lakini ugonjwa haujui nthoni. Cicily alipata doa jeusi kwenye kisigino, chini kabisa, mahali ambapo mtu hajioni. Akasema ni kisiki cha mchai kilichomchoma. Akalipaka majivu, halafu mafuta ya taa. Doa lilipokaidi akalipaka dawa ya kupe ya ng'ombe, na doa likaanza kutoa damu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini huyu hakuficha. Huyu alijitibu, na hiyo ni mbaya zaidi. Siku Ruguru alipomkuta akiosha miguu kwenye karai, aliona maji yana rangi, akamvuta mpaka hospitali karibu kwa kamba. Wakakata kipande, wakapima, na jibu likaja na jina geni: melanoma, saratani ya ngozi. Daktari akasema kwa watu weusi hupenda kujificha kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha.

Akina mama wa kanisa walikuja kumwombea, na mmoja akauliza kama huo si ugonjwa wa wazungu wanaoota jua ufukweni.

"Hata mimi nashangaa," Cicily akajibu. "Na pasipoti sina."

Wakacheka wote, naye akacheka. Ruguru alimsimulia mumewe kwamba wageni walipotoka, mama alishika kikombe chake cha chai mpaka kikapoa bila kukigusa kwa mdomo.

Hospitali moja ya Meru ikamfanyia upasuaji. Walitoa doa pamoja na nyama ya kandokando, wakachukua ngozi ya paja wakaipachika kwenye kisigino. Amri ikawa moja: asikanyage mguu huo hata kidogo mpaka ngozi ishike, maana akikanyaga, ngozi itakufa na kazi yote itakuwa bure. Kilichokatwa kikapelekwa maabara. Daktari bingwa, aliyekuja mara moja kwa mwezi, ndiye angesema kama ugonjwa wote ulitoka au ulibaki ndani.

Sasa mgonjwa akae wapi? Runyenjes ni mbali, na kule akiona mchai umechipua hangekumbuka amri ya mtu. Kwa Ruguru, Nchiru, ni karibu, ila pale kuna mkwe na paa la mkwe. Ruguru akapata suluhisho: ng'ambo ya ua kulikuwa na hosteli ya wanafunzi wa chuo kikuu, na chumba kimoja cha chini kilikuwa wazi. Basi Cicily, nyanya wa watu, akaingia hosteli. Wiki ya kwanza wanafunzi walipiga muziki mpaka sufuria zikacheza. Wiki ya pili walikuwa wakimwomba ruhusa ya kutoka. Kanana wa chumba cha pili, msichana mwembamba aliyesomea kompyuta, ndiye aliyegeuka mtu wa tatu kila Thuranira alipoleta uji na kusimama nje ya mlango kama mtu wa kusoma mita.

Kanana alikuwa na kasoro moja, alifupisha. Siku moja Cicily alitoa hotuba ndefu kuhusu uji, jinsi wimbi linavyosagwa, jinsi marehemu mume wake alivyoupenda mzito, na jinsi watu wa Meru wanavyoweka ndimu mahali ambapo ndimu haikuitwa. Alipomaliza, Kanana akageukia mlango.

"Anasema chumvi."

Siku ya kliniki ikafika, na mvua ilikuwa imenyesha tangu jioni ya jana yake. Ruguru alikuwa ameenda Runyenjes kutazama ng'ombe wa mama, na walikubaliana wakutane hospitalini. Wanafunzi walikuwa wamefunga chuo, hosteli imebaki Kanana na popo. Njia ya kutoka hosteli mpaka lami ilikuwa tope tupu, na gari la Thuranira, lile lenye herufi kubwa ya L juu ya paa, lingezama kwenye tope hilo mpaka milango. Aliliacha kwenye lami, akaja kwa miguu.

Walijaribu magongo kwanza. Yalizama, yakakataa kutoka. Wakamwita mtu wa boda boda, na akaanguka mwenyewe, polepole, mbele ya macho yao, kabla ya kumfikia abiria. Akaondoka akichechemea. Wakaleta wilbaro ya mlinzi, wakaweka mto ndani. Cicily aliitazama ile wilbaro kwa muda.

"Kanana, mwambie Baba Kajuju mimi si samadi."

"Amekataa wilbaro," Kanana akasema.

"Tena umwambie hakuna haja ya kusumbuka. Daktari atakuja tena mwezi ujao. Tutaenda mwezi ujao, kukiwa kumekauka."

Hapo Thuranira akamtazama mama mkwe wake usoni, jambo ambalo halifanywi. Amefundisha watu wengi, na anamjua yule mwanafunzi anayesema breki ni mbovu kumbe ni yeye hataki kuingia barabarani. Mama huyu hakuwa akiogopa tope. Aliogopa lile jibu, na tope lilikuwa limemfaa. Na kama leo ingepita, mwezi ujao ungepata kisingizio chake, na kama ugonjwa ulibaki mle ndani haungekaa ukingoja njia ikauke. Thuranira akakunja suruali, akageuka, akachuchumaa kwenye tope mbele ya mlango, mgongo wake ukimwelekea mama mkwe.

"Mama, panda," akasema.

Hakumwambia Kanana. Alimwambia yeye.

Kisha Cicily akaanza. "Kanana, mwambie Baba Kajuju kwamba tangu nizaliwe sijabebwa na mwanamume, hata marehemu hakunibeba, na harusi yetu ilikuwa na mvua. Mwambie kwamba kwetu mkwe akimgusa mama mkwe watu huitana, mbuzi huchinjwa, na wazee hukohoa wiki nzima. Mwambie mimi ni mzee wa kanisa. Mwambie kwamba heri nitambae mpaka lami kwa makalio, watu wa Nchiru wanione hivyo, kuliko jambo hilo analolifikiria."

Kanana akamgeukia Thuranira.

"Anasema uiname kidogo, uko juu."

Thuranira akainama. Akangoja. Alimsikia mama mkwe wake akivuta pumzi ili amsahihishe yule msichana, na pumzi ikakaa, na haikutoka na neno. Halafu mikono miwili ikamzunguka shingoni.

Alisimama naye. Alikuwa amejiandaa kwa uzito, lakini alikuwa mwepesi, mwepesi sana kwa mama mwenye sauti ile, na wepesi huo ulimtia hofu kuliko kitu chochote alichoambiwa na daktari. Kanana akafunika mguu mgonjwa kwa mfuko wa nailoni, Cicily akajifunika leso kichwani mpaka puani ili asijulikane, na safari ikaanza. Lakini hakuna aliyekosa kumjua. Mama wa kibanda cha chapati aliacha chapati ikaungua huku akimwombea njia njema.

"Kanana," leso ikasema, sentimita chache kutoka kwenye sikio la Thuranira, "mwambie Baba Kajuju kuna shimo."

"Mwalimu, shimo," Kanana akasema kutoka nyuma, akibeba magongo.

"Mwambie nimeliona," Thuranira akasema.

"Anasema ameliona."

"Mwambie la kushoto, si hilo."

Wakaenda hivyo mpaka ndala ya Kanana ikamezwa na tope, naye akabaki nyuma akiichimbua. Wawili wale wakasonga mbele peke yao, na mtu wa tatu hakuwepo.

"Thuranira."

Nusura amwangushe. "Naam, Mama."

"Wakisema imebaki, watakata mguu?"

Alitamani amwambie hapana. Watu wote walikuwa wakimwambia hapana, Mungu ni mwema, usiwaze. "Sijui, Mama."

"Hujui."

"Sijui. Lakini wakisema, nitakuwa nimekaa hapo."

Alisikia kifua cha mama kikitetemeka mgongoni mwake, akajua analia, naye hangeweza kugeuka, na hata angeweza hangegeuka.

"Naogopa sana," Cicily akasema. "Ruguru siwezi kumwambia. Ataogopa kunishinda."

"Mimi pia naogopa." Akatafuta neno, akapata lile analolijua. "Mwanafunzi akiogopa, namwambia aache kuangalia boneti. Aangalie mbali."

"Kwani mimi niko kwa gari?"

"Hapana, Mama."

"Basi tembea. Ukisimama tutazama."

Ruguru alikuwa kwenye lango la hospitali walipofika. Aliona mume wake ana tope mpaka mapajani, na mama yake ameshuka kutoka kiti cha mbele, kile cha mwalimu.

Daktari bingwa alikuwa mtu wa haraka, lakini habari njema hakuichelewesha. Kingo za kilichokatwa zilikuwa safi, hawakuona ugonjwa uliobaki, na ngozi ya kisigino ilikuwa imeshika. Ruguru alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti, na kwa bahati kilikuwepo. Cicily alisema "Haya," mara moja, akapangusa uso wote kwa leso.

"Lakini hii ina tabia ya kurudi," daktari akaendelea. "Kliniki ni kila miezi mitatu. Na nyumbani, kila mwezi, mtu amwangalie. Kovu, viganja, kucha, nyayo zote mbili. Doa jipya lolote, mnakuja siku hiyo hiyo. Yeye mwenyewe unyayo wake hawezi kuuona vizuri. Nani atakuwa akimwangalia?"

Ruguru alikuwa ameshaanza kuinua mkono. Cicily akainama, akavua kiatu cha mguu mzima, akavua na soksi, akainua mguu ule na kuuweka juu ya goti la mkwe wake, palepale kwenye tope.

"Ruguru ana haraka," akasema. "Thuranira, wewe angalia. Na usiangalie kama mtu anayetafuta panchari."

Ruguru akageuza uso, akaanza kusoma kalenda ya ukutani. Thuranira akavaa miwani yake, akaushika mguu wa mama mkwe kwa mikono miwili, akaanzia kidole kidogo.