Shevanta Alimtaja Mkandarasi

Kwa miaka kumi na minne Mrunalini Gokhale aliingia kwa njia ya televisheni katika sebule za watu wa Pune, mji wa India, kila Jumapili asubuhi, wakati wa chai ya pili. Alikuwa ameanza kwa kuwabebea wenzake vinasa sauti, akaja akapiga filamu zake mwenyewe: ya mto uliogeuka povu, ya shule isiyo na mwalimu. Mwishowe akapewa kipindi chenye jina lake. Sokoni walimwambia, "Wewe ndiye unayesema ukweli," naye akaamini.

Mwaka wa kumi na nne alitumia miezi minane kufuatilia vifo vya wanaume watatu walioshushwa kwenye shimo la maji taka la majumba ya matajiri, bila kamba wala kinyago, ilhali sheria ilishakataza kitambo mtu kushushwa humo. Mjane wa mmoja wao, Shevanta Waghmare, mfagiaji wa barabara, alimtaja mkandarasi mbele ya kamera mara tatu, macho makavu. "Ni Pashankar. Mume wangu Baban alikataa kushuka. Akaambiwa, basi kesho usirudi kazini."

Filamu iliporushwa, Pashankar hakuwemo. Bosi wa kituo, Sardesai, alikuwa amekata sehemu hiyo Ijumaa kimyakimya. Shevanta alionekana akilia tu, dakika mbili nzima, muziki wa huzuni ukipigwa nyuma.

Jumatatu Mrunalini alimfuata mtaani kwake. Alimkuta na wafagiaji wenzake, wamemaliza zamu, wanakula mkate wa mtama na chatini ya vitunguu saumu.

"Karibu, dada wa televisheni," Shevanta alisema bila kuinuka. "Umefuata machozi mengine? Yale yamekuishia?"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Shevanta, si mimi niliyekata."

"Na aliyesema mwishoni 'asanteni, tukutane Jumapili' alikuwa nani? Mimi?"

Shevanta akamega mkate wake.

"Nililia siku moja, dada. Siku zote zile nyingine nilikuwa nakueleza. Maelezo yangu umeyatupa wapi?"

Mrunalini alirudi kituoni, akaingia kwa Sardesai bila kubisha hodi.

"Kaa kwanza," Sardesai alisema. "Pashankar ana matangazo yake hapa. Halafu polisi wanasema wale walijitumbukiza wenyewe."

"Watu watatu, mmoja baada ya mwingine, walijitumbukiza kwenye mavi ya wenzao? Unajisikia unavyosema?"

"Usinipandishie sauti, Mrunalini. Watazamaji wanapenda kuhurumia, hawapendi kesi. Jumapili utasoma masahihisho, kwamba walishuka kwa hiari yao." Akamsukumia karatasi.

Jumapili, kipindi kikiwa hewani moja kwa moja, aliisoma. Sentensi nne. Kisha akainua uso.

"Haya niliyosoma ni uongo," alisema. "Baban Waghmare, Kisan Lokhande na Uttam Salve walishushwa kwa vitisho, na aliyewashusha ni mkandarasi Pashankar. Mjane wa Baban aliniambia. Sisi tulimziba mdomo tukawaonyesha machozi yake, na mimi nikawaaga nikitabasamu."

Ghafla likaingia tangazo la biskuti. Mlinzi alimvua kitambulisho hapohapo kwenye korido, na tangu siku ile hakuna kituo kilichompa kazi.

Kesho yake wafagiaji mia mbili waliweka mifagio chini mbele ya kituo cha polisi, wakakaa. Uchafu ulirundikana siku tatu mpaka kwenye mageti ya matajiri, ndipo polisi wakafungua kesi. Pashankar alikamatwa, na baada ya wiki moja akaachiwa kwa dhamana. Alitoka mahakamani akipunga mkono kama bwana harusi.

Mrunalini alikuwepo na kamera ndogo aliyoinunua mwenyewe. Mikono ilimtetemeka kwa hasira, picha ikawa inacheza.

"Ishike vizuri," Shevanta alimkemea, akasogea mbele ya kamera. "Mimi sijatetemeka. Haya, washa, nianze kwa jina lake."