Koki ya Hita

Daktari alisema mzee Gavril asisafirishwe. Mzee Gavril akasema daktari ni mtoto wa watu, asilaumiwe, lakini yeye hafii Yakutsk katika chumba cha wagonjwa wanaokoroma. Atafia kijijini kwake Tumul, kwenye kitanda chake kando ya jiko. Na atapelekwa na Volga yake. Si gari la jirani, si gari la wagonjwa. Volga.

Ndiyo maana asubuhi ile mwanawe Terenti alikuwa amelala chali kwenye theluji, uani kwa binamu yake, akielekeza moto wa jiko la kupuliza kwenye tumbo la injini ili ipate joto. Gari lilikuwa rika lake, na wote wawili walikuwa wamepita hamsini. Wenye magari ya zamani kama lile huyafungia bandani vuli ikiisha, wakayatoa tena theluji ikiyeyuka. Mzee Gavril hakuwahi kulifungia. Kila jioni ya baridi alimwaga maji yote ya injini kwenye ndoo, akaingiza ndoo ndani, na asubuhi maji yakachemshwa na kurudishwa. Dawa ya kuzuia maji kuganda hakuitaka. Alisema inakula mipira ya zamani. Hakuna aliyebishana naye, kwa sababu kuhusu gari lile hakuna aliyewahi kubishana naye.

Dada yake Terenti, Agrafena, alitoka na sufuria ya maji yanayochemka, mvuke umemficha uso.

"Bibi harusi ameshaamka?" akauliza, akiashiria gari kwa kidevu.

"Bado anajinyoosha."

"Mimi mume wangu sikumpashia maji hivi hata siku moja."

"Ndiyo maana alikimbia."

"Alikufa, mjinga wewe."

"Njia ni nyingi za kukimbia, dada."

Agrafena alicheka kidogo, akamwaga maji kwenye rejeta. Injini ilikohoa, ikakataa, ikakohoa tena, kisha ikashika. Wakafunika injini kwa blanketi nene la sufu, wakaweka kadibodi mbele ya rejeta upepo usipite, wakamtoa mzee ndani kama watu wanaobeba mzigo wa mayai. Wakamlaza kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Agrafena, juu yake mfarishi wa ngozi za sungura.

Baridi ya siku ile ilikuwa ya kuwafanya watu wenye akili wabaki nyumbani. Walivuka mto juu ya barafu, wakapita vijiji vya mwisho, moshi wake umesimama wima kama nguzo. Hita ilikuwa inafanya kazi. Ilivuta maji ya moto kutoka kwenye injini na kupuliza joto miguuni, na mzee akalala. Kisha wakatoka kwenye msitu, wakaingia uwanda mpana, na hapo upepo uliwakuta.

Terenti aliona mshale wa joto unashuka. Ukashuka tena.

"Mshale uko wapi?" Mzee alikuwa amefumba macho.

"Umeshuka kidogo, baba."

"Nasikia. Injini inaimba vibaya. Funga koki ya hita."

"Niipunguze?"

"Nimesema funga. Kabisa. Injini kwanza, sisi baadaye."

Koki ilikuwa chini ya dashibodi, karibu na goti lake. Terenti aliishika, asiizungushe. Kila dereva wa upande ule alijua kwamba maji yaliyosimama kwenye bomba, katika baridi kama ile, hayamalizi hata safari fupi kabla ya kugeuka jiwe. Ukifunga, unaacha uzi wa maji upite. Aliyemfundisha hivyo alikuwa huyuhuyu baba yake, kwa kofi la shingo, Terenti akiwa hajaota hata ndevu. Akaelewa kwamba kwa mawazo mzee hayumo kwenye Volga. Yumo kwenye lori lake la mafuta, lile aliloendesha ujana wake wote, ambalo hita yake ilikuwa na bomba la namna nyingine.

Angeweza kuacha uzi na kusema amefunga. Lakini koki ile ikiachwa kidogo hutoa mlio mwembamba, kama mbu, na mzee alikuwa anasikiliza.

"Bado?"

"Tayari, baba."

Aliifunga mpaka ikagoma. Mlio ukakatika.

"Vizuri," mzee akasema.

Mshale ulipanda. Vioo vikaanza kuota barafu kwa ndani. Terenti aliendesha huku akikwangua tundu la kuonea kwa kucha. Nyuma, midomo ya mzee ilianza kubadilika rangi.

"Mdogo wangu, inatosha," Agrafena akasema. "Fungua. Mikono yake imekuwa kama samaki."

Akafungua. Hewa ikatoka baridi. Akasubiri, akijua na bado anaomba awe hajui. Kikasikika kitu chini ya dashibodi kama fimbo kavu inavunjwa, na baada ya muda maji ya moto yakamwagikia viatu vyake.

Alisimamisha gari, akazima injini, maana injini bila maji ingejichoma yenyewe. Akafungua boneti. Kazi yenyewe haikuwa ngumu: kuchomoa mipira miwili ya hita na kuiunganisha, maji yasipite tena huko. Lakini vibano vya chuma vilikuwa vidogo na glavu zake nene, kwa hiyo akavua glavu. Chuma kilishika ngozi ya vidole, na alipovuta, ngozi ilibaki pale. Aliunganisha mpira mmoja, ukachomoka, akaunganisha tena. Alikuwa amepiga magoti kukusanya theluji ya kuyeyusha ajaze injini, aliposikia injini inapiga kishindo kimoja kifupi, kama barafu ya ziwani inapopasuka. Maji machache yaliyobaki ndani yalikuwa yameganda, yakaipasua.

Terenti alirudi dirishani.

"Bloki ya injini imepasuka, baba."

Mzee akasema, "Basi anza na tairi ya akiba."

Katika barabara ile hakuna anayelipita gari lililosimama. Lakini kwanza lazima atokee mtu wa kupita, na kabla hajatokea unachoma matairi. Terenti na dada yake walichomoa kiti cha nyuma, wakakiweka upande usio na upepo, wakamlaza mzee juu yake. Terenti akamwagia tairi petroli. Moshi mweusi ukapanda.

"Mpe moto chakula kwanza," mzee akasema, kama ilivyo desturi ya kwao kabla ya kula.

"Baba, huu ni moto wa tairi," Agrafena akasema.

"Moto hauulizi unachoma nini. Mpe."

Agrafena alitoa kwenye kifurushi chapati yenye siagi, iliyoganda ikawa ngumu kama sahani, akaivunja, akatupa kipande motoni. Kilichobaki wakakipasha na kula, masizi juu yake.

Tairi ya akiba ilipoanza kuisha, mzee alisema, "Sasa ya nyuma kushoto. Imechakaa." Terenti alifungua boliti kwa viganja, maana vidole viwili havikuwa vinajibu tena. Baadaye mzee akataja ya nyuma kulia. Alikuwa anaitazama Volga inavyokaa chini kidogo kidogo, kama ng'ombe anayelala. Agrafena alilia kimyakimya, na machozi yakamgandia kwenye kope, akawa anayabandua kwa kidole.

"Ungemwambia hapana," akamnong'oneza ndugu yake. "Ulijua. Nilikuona ulivyoshika ile koki. Umri wote huu, mara moja tu ungemwambia hapana."

"Niwekee ile tairi, dada."

Jua lilikuwa limegusa ukingo wa uwanda lori la makaa ya mawe lilipotokea. Dereva, mtu mfupi aitwaye Makar, alishuka kabla halijasimama sawasawa.

"Mzee Gavril? Wewe ndiye unayechafua hewa hapa?"

"Nakutengenezea makaa, maana yako hayawaki."

"Maneno bado unayo. Haya, mshikeni miguu."

Ndani ya lori kulikuwa na joto la kuumiza. Vidole vya Terenti vilianza kurudi na maumivu, viwili havikurudi. Mzee alikuwa katikati, ameegemea bega la Agrafena. Walikwenda mwendo mrefu kabla hajafumbua macho.

"Terenti. Bomba la hita lilipasuka?"

"Lilipasuka, baba."

"Ulifunga koki kabisa?"

Agrafena akageuka. Terenti alitazama barabara.

"Nilifunga kabisa."

"Hukuacha hata uzi?"

"Hapana."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Baba," Agrafena akaanza, lakini ndugu yake alimkanyaga mguu.

"Nilisahau, baba," Terenti akasema.

"Alisahau." Mzee alimwambia Makar, kana kwamba Terenti hayupo. "Gari nimelitunza maisha yangu yote. Sikulala kabla halijalala. Yeye kasahau."

Makar alimtazama Terenti kwa jicho moja, akabadilisha gia.

Walimfikisha Tumul hai. Alilala kwenye kitanda chake kando ya jiko, kama alivyotaka, na majirani wakaja kumuaga, mmoja mmoja, wakipukuta theluji mlangoni. Kila aliyeingia alisimuliwa habari ya koki. Mzee aliisimulia vizuri, na sauti yake ilipokwisha akaisimulia kwa mkono, akizungusha kidole hewani mpaka mwisho, kisha akimwonyesha mwanawe. Watu walimtazama Terenti, mikono yake imefungwa vitambaa, wakatikisa kichwa. Agrafena alikuwa anagonga sufuria jikoni kwa hasira.

Mzee alikufa asubuhi, moto ukiwa umewashwa vizuri. Jirani aliyekuja kusaidia kumwosha alimngoja Terenti kwenye ukumbi wa baridi, akamuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli, mtu aliyekulia ndani ya gari lile, kufunga koki kabisa siku kama ile.

"Ni kweli," Terenti akasema, akamshikia mlango.