Kaka Zangu Waliberali

Kaka zangu wote wawili ni waliberali, na mimi ndiye ninayembadilisha baba nepi.

Mkubwa ni wakili. Kwake uhuru maana yake mtu asiguswe: serikali ikae mbali, jirani akae mbali, kila mmoja ajiamulie yake. Anayemfuata anafundisha chuo, naye anasema hayo ni maneno ya walioshiba. Mtu hawi huru mpaka awezeshwe, apate shule, dawa na wa kumshika mkono. Kila Jumapili wanakuja kumjulia hali baba, wanakaa sebuleni na kubishana mpaka mishipa ya shingo inawasimama. Chai napika mimi. Baba, tangu apooze upande mmoja, hasemi. Anasikiliza tu kutoka chumbani.

Jumapili ile niliwakatiza. Fundi mkuu wa karakana ya samani, nilikokuwa nikivisha makochi vitambaa kabla baba hajaugua, alikuwa amenipigia: nafasi yangu ipo tena, nifike kesho asubuhi, nisipofika anamchukua mwingine.

"Nataka kurudi kazini," nikawaambia. "Baba atabaki na nani?"

"Mdogo wangu, kwani nani kakukataza?" Wakili akasema. "Mlango uko wazi. Nenda."

"Na baba je? Utamchukua?"

"Hilo sasa usinilazimishe. Ukinilazimisha, uhuru wangu uko wapi?"

Mwalimu akadakia. "Umeona? Ndio uliberali wenu huo, kumfungulia mlango mtu aliyefungwa miguu! Mdogo wetu anahitaji kuwezeshwa."

Roho yangu ikatulia, nikajua leo nimepata wa kunitetea.

"Serikali ilete wauguzi majumbani," akaendelea. "Ni haki yake."

"Sawa, kaka. Mpaka watakapokuja, utakaa naye wewe?"

Akakohoa. "Tukijaza pengo wenyewe, serikali itabweteka. Mimi hapo nina msimamo."

Msimamo! Nilitamani kummwagia birika zima. Halafu, jamani, sijui nicheke au nilie, wakasema tupige kura, maana wao ni watu wa demokrasia. Baba hakuulizwa. Wawili wakainua mikono abaki na mimi, na ndiyo mara pekee nimewahi kuwaona wakikubaliana. Wakanishukuru kwa chai, wakaondoka.

Baba alisikia yote. Mlango wa chumba chake haufungi vizuri.

Alfajiri nikasikia kishindo, nikakurupuka. Alikuwa chini kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, kandambili moja mguuni. Alikuwa amejikokota peke yake kutoka kitandani, akaukokota na mkoba wangu wa mikasi na sindano, akafungua komeo. Mdomo wake ukahangaika, ukatoa neno la kwanza tangu augue.

"Nenda."

Mguu wake ulikuwa umepinda vibaya kutoka kwenye nyonga.

Nikampigia Wakili. Akasema mzee ameamua kwa hiari yake, tuiheshimu. Nikampigia Mwalimu. Akasema ndiyo maana kila siku anaidai serikali wauguzi, na kwamba ataligusia hilo darasani.

Fundi mkuu sikumpigia. Mlango ulikuwa wazi kweli, kaka hakudanganya, ila baba alikuwa amelala katikati yake. Nikakaa sakafuni, nikampakata kichwa, nikamdanganya kwamba nitakwenda.