Wageni wa Ukutani

Nyumba ya Bi Ghanima na dada yake Ghadir, kule Nguvumali, ilikuwa na watu wasioingia kwa mlango. Mnacheka? Haya, chekeni. Ghanima atakaa barazani anachambua mchele, pembeni yake hapana kitu, ukuta mtupu na chokaa yake. Mara mtu huyo hapa, begani pake, kasimama. Hakusikia hatua wala hodi. Pengine ni jirani yao Mwamvua, kaja kuomba ndimu. Lakini Mwamvua huyohuyo akipiga hatua moja kando, hayupo tena, na sauti yake bado inaongea. Hilo ndilo lililomnyima Ghanima raha.

Alipomwambia dada yake, alijua atachekwa. Ghadir hakucheka. Aliweka bakuli chini, akanong'ona, "Na wewe unawaona? Mie mwaka wa tatu huu."

Basi, yakaisha. Angekuwa mmoja tungemwita mwoga; wawili ni mashahidi. Ghadir, ndiye mkubwa, akatoa amri: ubani kila magharibi, kiti cha pembeni kisikaliwe, na zaidi ya yote, mtu asigeuze uso kuwakodolea. "Wageni hawapendi kutazamwa. Tazama mbele, useme bismillahi." Wakaishi hivyo zaidi ya mwaka, wanawake wazima wawili, shingo zimekakamaa kama wanaopigwa picha ya pasipoti. Na wageni wakazidi kusogea. Zamani walitokea penye mlango. Sasa walitokea kwenye kiwiko.

Kilichompeleka Ghanima kliniki ya macho ni mchele wenyewe. Chuya zilikuwa zinampita, akataka miwani, basi. Daktari, kijana wa Lushoto aitwaye Zebedayo, alimwamkia shikamoo, akampima presha ya macho, akamulika ndani kwa muda mrefu. Halafu akamwekesha kidevu kwenye mashine iliyo kama bakuli kubwa jeupe. Kila akiona nukta ya mwanga, abonyeze kitufe.

Ghanima akangoja. Weupe mtupu, na mashine ikinguruma peke yake.

"Mtaanza lini, mwanangu?"

"Tumeanza zamani, mama."

Ghanima akainua kidevu. Alijikuta anamweleza yote, wageni, kiti, hata ubani. Zebedayo hakumdhihaki.

"Hii ni glakoma, mama. Presha ndani ya jicho inaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Huanzia pembeni. Haiumi, wala huoni giza, maana ubongo unaziba pengo kwa kilicho jirani. Pale aliposimama mtu, wewe unaona ukuta unaendelea."

Kumbe nyumbani kwa Ghanima hapakuwa na watu wa ziada hata mmoja. Palikuwa na watu walewale wa siku zote, wakifutwa. Afadhali jini, jini huombwa akaondoka.

"Yatarudi?"

"Yaliyokwenda hayarudi. Matone haya, asubuhi na jioni, maisha yako yote, yatalinda yaliyobaki. Usiache hata siku moja." Akamwandikia cheti. "Hao wageni, nyumbani nani mwingine anawaona?"

"Dada yangu. Alianza kabla yangu."

"Ugonjwa huu hufuata damu. Mlete upesi."

Thubutu! Ghadir alikuja juu. "Mimi unaniita kipofu? Mimi ninayesoma namba za pikipiki kutoka hapa barazani?" Na kweli alizisoma. Ghanima akalia, akaapa hatatia kitu mdomoni mpaka waende. Siku ya tatu Ghadir akavaa buibui lake, ilimradi apewe nafasi apumue.

Kwa Zebedayo aliketi kwa maringo. Akasoma ubao wa herufi kwa macho yote mawili, mpaka mstari wa mwisho, bila kukosea. Akamwambia mdogo wake, "Umeridhika?" Ghanima akaona haya, na akafurahi mno, akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Vizuri, mama," Zebedayo akasema. "Sasa ziba jicho la kulia kwa kiganja, usome tena."

Ghadir akaziba. Ilikuwa saa nne asubuhi, madirisha wazi, jua limejaa sakafuni. Akageuza shingo huku, akageuza kule, mkono wake mwingine ukipapasa hewani.

"Nyie," akasema kwa hasira, "mbona mmezima taa?"