Milango Kumi na Mmoja ya Ahero

Jumatatu saa tatu asubuhi, Celestine alipoifungua ofisi ya mradi wa misaada iliyoko ghorofa ya pili mjini Kisumu, alikuta milango kumi na mmoja imeegemezwa ukutani. Mingine ilikuwa ya bati, mingine ya mbao, yote ina tope la mafuriko hadi usawa wa kitasa. Alisogeza miwili iliyoziba dirisha, kisha akawasha kompyuta.

Sababu aliijua. Programu aliyoitunga iliorodhesha nyumba za Ahero zilizostahili mahema. Orodha ilipotoka katika lugha aliyoiandikia na kuingia katika lugha ya simu yenyewe, ilibidi ivushwe nyumba moja moja, na upande wa simu haukukubali nafasi tupu: ulipokutana nayo, programu nzima ilizimika. Ijumaa, kwa haraka, Celestine aliandika mstari mmoja ulioamuru kwamba kila nyumba isiyo na nambari ya kitambulisho irukwe. Programu haikuzimika tena.

Mlango wa bati la kijani ulifunguka. Akatokea mama aliyejifunga leso. Nyuma yake kulionekana kitanda kilichoinuliwa juu ya matofali.

"Hodi, nyathina," alisema, kama mama yeyote wa Kano, uwanda uliko Ahero, amwitavyo mwanawe. "Mimi ni Dorca. Naona mlango wangu umehamia huku."

"Karibu, mama. Waandikishaji uliwapa jina la nani?"

"La Ooko. Nyumba ni yake."

"Na kitambulisho chake?"

"Nilikirudisha kwa chifu tulipomzika. Kwani wewe ungeandikisha boma la mwanamume kwa jina la mkewe?"

Celestine aliigeukia kompyuta. Mstari ule ulikuwa wake. Kufikia adhuhuri alikuwa ameufuta, na kila nafasi tupu ameiwekea alama ya kuishikia mahali pake. Wajane wote kumi na mmoja walivuka.

Joram, meneja wa mradi, aliingia akatundika koti lake kwenye msumari wa mlango mmojawapo.

"Umefungua duka la mbao, Celestine?"

"Ni nyumba za wajane, bwana. Zilianguka njiani. Orodha sahihi ni hii."

"Ile ya kwanza imeshatiwa saini, na mahema yamepakiwa kwa idadi yake. Tukiibadilisha leo, wafadhili watauliza tuliipitishaje." Aliupapasa mlango. "Huu ni mvule. Usiuache juani."

Alhamisi lori lilifika Ahero. Wagawaji walikuwa wameagizwa wabishe mlangoni, na nyumba isiyo na mlango ihesabiwe kuwa imehamwa. Waliandika hivyo mara kumi na moja, kwa mwandiko mzuri.

Alasiri Dorca alichungulia ofisini.

"Wamekuja?"

"Wamekuja, mama. Wameshaondoka."

"Nilikuwa ndani."

"Najua."

Huko Kano mvua ilikuwa imeanza upya, na maji yalipita kizingitini mwa Dorca yakatanda sakafuni mwa ofisi. Celestine aliziinua nyaya za kompyuta, kisha akamsaidia Dorca kuufunga mlango polepole, usije ukaigonga ile mingine.