Usukani Upande wa Kulia

Gari lao la zamani lilikataliwa kwenye ukaguzi mwezi wa Machi, kwa sababu kutu ilikuwa imekula sakafu mpaka ukaweza kuona lami. Mugambi hakulalamika. Alirudi nyumbani Farsta, huko Uswidi, kwa treni, akavua viatu mlangoni, akachukua karatasi na kuipiga mstari katikati. Upande mmoja akaandika Volvo, upande wa pili Toyota, kisha akaanza kujaza: vipuri, kutu, namna gari linavyowaka asubuhi ya baridi kali. Ndivyo alivyofanya mambo yake yote, na mkewe Truphosa alishazoea kusubiri.

Siku ya nne Truphosa alishindwa kunyamaza.

"Baba Natalie, hayo ni magari au ni wachumba?"

"Gari unakaa nalo miaka kumi."

"Na mimi umekaa nami ishirini na mbili, wala sikumbuki kuandikwa kwenye karatasi." Akaweka sufuria ya maharagwe mezani. "Nunua Volvo. Ng'ombe aliyezaliwa kwenye baridi hahitaji kufundishwa baridi."

Urbain naye alikuwa na yake. Huyu alikuwa Mkongo wa Uvira, waliyejuana naye kanisani, na alikuwa akiuza Toyota yake kwa sababu watoto walikuwa wamezidi viti. Alipiga simu kutoka Vårby gård karibu kila jioni.

"Ndugu yangu, Toyota haina maneno. Hiyo ni gari ya kwetu."

Natalie, binti yao wa miaka kumi na saba, aliyasikia hayo akipita na simu mkononi. Akajibu kwa Kiswidi bila kusimama. "Toyota ya Urbain imeundwa Uingereza. Na Volvo siku hizi ni ya Wachina." Mlango wa chumba chake ukafungwa.

Mlango ule ndio uliomharakisha Mugambi kuliko baridi na kutu. Uswidi inamruhusu mzazi kumfundisha mtoto wake kuendesha, mradi wote wawili wamehudhuria somo la mwanzo na nyuma ya gari pamewekwa kibao cha kijani. Tangu vuli walikuwa wakitoka kila Jumamosi, saa moja na nusu. Nyumbani Natalie alimjibu baba yake kwa maneno mawili. Ndani ya gari, macho yakiwa barabarani, alizungumza. Alizungumza habari za shule, za rafiki yake Michelle aliyehamia Göteborg, na siku moja hata habari za Mungu. Mugambi alijifunza kutomtazama, kwa maana akimtazama maneno yalikatika. Sasa zilikuwa zimepita wiki tano bila gari, na Truphosa alikwisha kupata namba ya shule ya udereva. Ikifika Mei hawana gari, Natalie angefundishwa na mwalimu, na saa zile zisingerudi. Mugambi alilijua hilo na hakumwambia mtu.

Lakini chini kabisa ya ile karatasi, kwa herufi ndogo, alikuwa ameandika neno moja zaidi: posta.

Lilikuwa gari aliloliona katika matangazo kwenye simu. Huko mashambani masanduku ya barua husimama kwa safu kando ya barabara, na mpeleka barua huyafikia kwa mkono kupitia dirishani, bila kushuka. Kwa hiyo baadhi ya magari ya posta huwa na usukani upande wa kulia, ingawa Uswidi magari hupita kulia na usukani wao huwa kushoto. Hili lilikuwa Volvo la aina hiyo, lililostaafu pamoja na mwenyewe. Mugambi alilitazama hadi simu ikazimika yenyewe.

Alijifunza kuendesha akiwa na miaka kumi na tisa, katika Toyota pikapu ya baba yake, Gitonga, wakipeleka maziwa kutoka Kanyakine, kijijini kwao, kwenda Nkubu. Usukani kulia, gia mkono wa kushoto. Mzee alikaa upande wa pili, kiwiko kimetoka dirishani, mkono mwingine juu ya breki ya mkono. Hakuwa msemaji. "Lisikilize gari," alimwambia, basi. Mugambi hakuwepo Mzee alipozikwa. Kibali chake cha kuishi Uswidi kilikuwa bado hakijatoka, na angetoka asingeweza kurudi.

"Twende tukalione lingine," alimwambia Natalie Jumamosi moja ya Aprili.

Walipanda treni hadi Danderyd, kisha basi kuelekea Rimbo. Theluji ilibaki kwa mabaka chini ya miti. Alipoelezwa ni gari gani, Natalie aliiweka simu mfukoni.

"Gari la mtihani lina usukani kushoto," alisema. "Mimi nitafanyia wapi mazoezi?"

"Tunakwenda kutazama tu."

"Hujawahi kwenda kutazama tu."

Mwenye gari aliitwa Birgit, mama mrefu aliyepeleka barua miaka thelathini na mmoja. Alimpa Mugambi ufunguo bila maswali mengi. Watu wengi, alisema, hufungua mlango wa kushoto, hukaa, hutafuta usukani, kisha hucheka na kwenda zao.

Mugambi hakuutafuta. Alizunguka moja kwa moja hadi mlango wa kulia, akaingia, na mkono wake wa kushoto ukashuka wenyewe juu ya gia kama kuku anayerudi bandani jioni. Kiti kilikuwa kimechakaa mahali palepale ambapo kiti cha baba yake kilichakaa, ubavu wa nje.

"Tunakwenda ama?" Natalie aliuliza.

Walishika njia nyembamba ya changarawe iliyopita msituni, isiyo na mistari wala magari. Natalie alikaa kushoto, akashusha kioo kidogo, akatoa kiwiko nje. Mugambi alikiona kile kiwiko kwa pembe ya jicho, akaanza kuzungumza. Alisimulia mitungi ya maziwa iliyogongana nyuma, na lile korongo la Kanyakine ambapo Mzee alimshusha mtu yeyote mwenye mdomo mpaka walivuke. Alisimulia kwa Kiswahili, bila kutafsiri, na hakuona hata kilomita zilivyokwisha.

"Babu alikuwa mkali?" Natalie akauliza, naye kwa Kiswahili.

"Alikuwa kimya. Sisi tulidhani ni ukali."

Njia ya changarawe ikakutana na barabara kuu. Mugambi akataka kuwasha taa ya kukatia kona, na mkono wake wa kulia ukavuta kijiti, kama katika pikapu ya baba yake. Vifuta-mvua vikaanza kukwaruza kioo kikavu. Alicheka. Hata Natalie alicheka. Na akiwa bado anacheka, Mugambi akatazama kulia, akaona kweupe, akakata kona kushoto, akiubana ukingo wa kushoto kama alivyofundishwa kwao.

Trekta lenye magogo lilikuwa linakuja mbele yao, kwenye njia ileile.

"Baba," Natalie alisema. Sauti yake haikupanda. "Huku siyo. Nenda kulia."

Akaenda kulia. Trekta lilikwisha kusimama. Dereva wake aliinua kiganja, akasubiri, kisha akapita akiwatazama sana.

Mugambi alisogeza gari pembeni, akazima injini. Vifuta-mvua vilisimama katikati ya kioo. Hapo ndipo alipouona mkono wa binti yake. Ulikuwa umeshika breki ya mkono, vidole vimekaza, na hakuwa ameivuta.

"Ulikuwa wapi?" aliuliza Natalie.

"Kanyakine."

Natalie alivitazama vifuta-mvua. "Unataka kurudi?"

Lilikuwa swali ambalo Truphosa aliacha kuliuliza miaka mingi iliyopita.

"Kila siku, kidogo," alisema Mugambi.

Natalie aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokwisha kuikisia. Kisha akaachia breki, kidole kimoja kimoja.

Walirudi polepole, Mugambi akijisemea kulia, kulia, kila penye njia panda. Alimrudishia Birgit ufunguo. Birgit akauliza kama gari lilikuwa na kasoro.

"Halina," alisema Mugambi. "Linanijua mno."

Birgit alimtazama, kisha akaenda mwenyewe kulifunga, akapitisha kiganja juu ya paa lake.

Urbain alipopewa kisa chote alicheka mpaka akaweka simu mezani. "Mimi kule Uvira nimeendesha usukani kuume na barabara kuume, gari zote zatoka Dar, na ningali hai! Ninyi Wakenya mmedekezwa." Lakini Jumamosi iliyofuata aliileta Toyota mwenyewe hadi Farsta, ameiosha, na matairi ya baridi yamefungwa ndani ya plastiki. Truphosa aliizunguka mara mbili. "Haya, ng'ombe wa Uingereza," alisema, akaingia ndani kutengeneza chai.

Mugambi alikibandika kibao cha kijani nyuma, akakinyoosha, akarudi hatua tatu kuona kama kimekaa sawa. Natalie alikuwa amekwisha kukaa kushoto, penye usukani, anarekebisha vioo. Mugambi akaingia upande wa kulia, akafunga mkanda. Mbele yake palikuwa na kijisanduku cha karatasi za gari, na zulia chini ya miguu.

Walipita kituo cha treni, wakashika njia ya ziwani. Natalie alitazama mbele.

"Lile korongo," alisema, "mlivukaje wakati wa mvua?"

Mugambi alianza kumweleza. Alitazama mbele naye. Na kila Natalie alipobadilisha gia, mkono wa kushoto wa Mugambi ulisogea kidogo juu ya goti lake.