Majirani Wasiougua

Alasiri moja mdodosaji wa kura za maoni aliketi kwenye benchi la zahanati ya mtaani kwetu, akavua viatu. Tangu asubuhi alikuwa akigonga milango yetu, nasi tukimjibu kupitia pazia. Sisi ni hodari wa siasa. Kwa kinyozi tunapindua serikali kabla sabuni haijakauka kidevuni. Ila tukiulizwa rasmi, kila mtu ana chungu motoni.

Swali lilikuwa moja: zahanati ibaki au ifungwe? Ukijibu "ibaki", kishikwambi chake kilifungua maswali mengine kumi na mawili. Ukijibu "ifungwe", kilikushukuru. Mdodosaji, mkazi mwenzetu ambaye mkewe alitarajia kujifungulia humohumo zahanatini, alibuni kaya mia moja zilizotaka ifungwe. Wadodosaji wenzake upande wa pili wa mtaa, alijiambia, watapata "ibaki" za kutosha.

Wiki iliyofuata kaya hizo zilihamia. Walikuja na mabegi, wakaulizia namba za nyumba alizowabunia, na nyumba zetu zikasogea kuwapisha. Tulipoteza nyua tu. Hawakuugua, hawakuzaa, na wakigongewa walifungua. Tukasema mtaa ulikuwa umekosa watu wastaarabu siku nyingi.

"Hawa umewaleta wewe?" mkewe alimuuliza.

"Wamekuja wenyewe."

"Basi waambie wabadili jibu."

Alikwenda. Mzee wa kaya ya kwanza alimkaribisha, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, ungetupa maoni mengine tungekuwa nayo," alisema. "Uliyotupa ndiyo haya."

Zahanati ilifungwa kwa matakwa ya wananchi. Tulikasirika sana, tukaandamana mpaka kwa kinyozi.

Uchungu ulimshika mke Jumamosi asubuhi. Shangazi yake alikuwa chumbani naye, mume jikoni akichemsha maji, mara hodi ikapigwa. Alikuwa msichana mwenye kishikwambi.

"Samahani kaka, swali moja tu. Mmeridhika na kufungwa kwa zahanati?"

Chumbani mkewe alilia, shangazi akaita maji. Mdodosaji aliogopa kuliko siku zote za maisha yake, na jibu lilikuwa mdomoni. Lakini aliyajua maswali kumi na mawili yanayokuja nyuma ya "hapana".

"Nina chungu motoni, dada. Njoo kesho."

Akafunga mlango. Msichana akageukia nyumba ya pili. Ilikuwa wazi, na mzee yule wa kaya ya kwanza alikuwa ameshamtolea kiti.